Mpishi wa Kwenye Kioo na Sufuria ya Nyumbani

Zamu ya mwezi huu imeniangukia mimi, na kwa vile wiki hizi mbili niko nyumbani Masafu, Busia upande wa Uganda, nimeamua niandike historia ya kitu ambacho hatujawahi kukigusa humu: vipindi vya mapishi. Vile vya TV, vya redio kabla yake, na hivi vya kwenye simu ambavyo nusu yenu mnaviangalia usiku mkiwa na njaa. Si ninawajua. Wengi wenu mnanifahamu kutoka Kiryandongo ninakojitolea, kwa hiyo hadithi itatembea kati ya huku na kule, na kuna mahali tutavuka bahari kidogo.

Mwenye bando dogo nampa hoja yangu mapema. Kipindi cha mapishi kinabadilisha hamu ya mtu kabla hakijabadilisha sufuria yake. Kwanza kinakuambia chakula gani ni cha heshima na kipi ni cha aibu. Sufuria yenyewe inabadilika pale tu mpishi wa kwenye kioo anapoanza na kile ambacho tayari kiko ndani ya nyumba yako, na kwa moto ule ulio nao. Kwa watu wa mgao, hiyo tofauti si ndogo.

Tuanze hapa hapa Masafu, kabla TV haijafika.

Chakula cha Wasamia ni ugali wa wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo, mweusi, mzito, unaoshika tumbo mpaka jioni. Pembeni kuna kunde, mrenda, simsim iliyosagwa, na samaki wa ziwani kutoka Majanji. Na mukene, ambao Wakenya wanauita omena na Watanzania wanauita dagaa. Majirani zetu Wateso na Wajopadhola wa Tororo nao wana ugali wao wa aina hiyo hiyo, jina tu ndilo linabadilika. Hayo yote yalifundishwa na mama kwa binti, mafiga matatu, moshi, basi.

Lakini chapati na chai je? Leo hakuna harusi wala Krismasi huku bila chapati, na mtu akikuambia ni chakula cha kigeni utamcheka. Hivyo viliingia na reli. Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901. Miaka ya 1920 njia nyingine ikapita Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Nyuma ya reli yakaja maduka ya Wahindi, na ndani ya maduka kulikuwa na unga wa ngano, majani ya chai, sukari na bizari. Mtu alimwona mpishi kwenye kibanda cha stesheni, akanunua, akaonja, akaenda kujaribu kwake. Hiyo nayo ilikuwa aina ya kipindi cha mapishi, ila mpishi ulikuwa unaweza kumuuliza swali.

Halafu mpaka wenyewe ukafanya kazi yake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka yakafa. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta vikawa vitu vya magendo, na Busia ikawa mlango. Kahawa ya Uganda inavuka kwenda Kenya usiku, bidhaa zinarudi. Hata neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, kwa wale vijana wa baiskeli waliokuwa wanabeba watu na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Nyanya yangu (yaani bibi, si ile ya kwenye mchuzi) anasema miaka ile chumvi ilipimwa kwa kijiko na majirani walidaiana. Alipika bila mafuta, na haikuwa kwa ushauri wa daktari. Baadaye, miaka ya 1990, ugonjwa wa batobato ukaua muhogo Uganda nzima, Teso ikaumia vibaya sana, na ugali ukabadilika tena hadi mbegu mpya zilipofika. Kwa hiyo mnaona: reli, siasa, magendo, ugonjwa wa mmea. Kila kimoja kiliingia jikoni bila kupiga hodi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na antena.

Sasa walimu.

Kabla ya TV walikuwepo watu waliolipwa kutufundisha kupika. Kenya, mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilisaidia kuanzisha Maendeleo ya Wanawake. Vilikuwa vikundi vya akina mama: kushona, usafi, malezi, mapishi. Ilikuwa ni miaka ya hali ya hatari, vita vya Mau Mau vinawaka, kwa hiyo serikali haikufanya kwa upendo peke yake. Mwanamke aliyekaa kwenye darasa la upishi alikuwa anatazamwa vizuri. Kwenye madarasa ya aina ile, Kenya na Uganda, mapishi ya Kizungu ndiyo yalikuwa na cheo, keki na skonzi, hata kwa mtu ambaye kwake hakuna oveni. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda. Mwaka 1965 pale hospitali ya Mulago, Kampala, kilifunguliwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu. Watoto walikuwa wanakuja wamevimba miguu, nywele zimepauka, ngozi inachubuka. Kwashakoo. Madaktari walikuwa wanawatibu, watoto wanapona, wanarudi nyumbani, na baada ya muda wanaletwa tena. Mama alikuwa anaamini kilichomponya mwanawe ni dawa. Mwanamugimu wakageuza: mama anakaa na mtoto, na mama mwenyewe anapika, pamoja na akina mama wengine, kwa vyakula anavyovijua. Ndizi au viazi, karanga au maharage, samaki kidogo, vinapikwa pamoja laini. Waganda wanaita kitobero. Mama anamlisha mwanawe na anamwona anabadilika mbele ya macho yake. Hakuna sindano ya kusingizia.

Mimi hicho nakihesabu kuwa kipindi bora cha mapishi kilichowahi kufanyika Uganda, ingawa hakikuwa na kamera. Mpishi ni mtu kama wewe. Vitu vinatoka shambani kwako. Na matokeo hayaonyeshwi kwenye sahani iliyopambwa, yanaonyeshwa kwenye uso wa mtoto.

Walimu wa tatu walikuwa wafanyabiashara, na hawa walifanikiwa kuliko wote. Kenya magari ya sinema yalikuwa yanazunguka vijijini, yanaonyesha picha usiku bure, na katikati ya picha wanaweka matangazo. Halafu redio. Mawimbi ya redio hayana pasipoti, kwa hiyo tangazo la Nairobi linasikika Masafu vizuri kabisa. Kimbo, Blue Band, baadaye Royco. Tangazo lilikuwa kipindi cha mapishi cha nusu dakika: kaanga kitunguu, weka nyanya, nyunyiza hiki, familia inatabasamu. Waulizeni bibi zenu kama walikuwa wanakaanga kitunguu kwanza. Nyanya yangu mboga anachemsha, halafu anatia maziwa au simsim. Mama yangu hawezi kuanza mchuzi wowote bila mafuta, kitunguu na nyanya, na mimi nimekua nikidhani kupika ndio huko. Kizazi kimoja tu! Tangazo halikufanya hivyo peke yake. Shule za bweni zilisaidia, mahoteli ya stendi yalisaidia, na zaidi ya yote mafuta yenyewe yalipatikana dukani, kwenye kikopo kidogo cha bei ndogo. Tangazo lilileta hamu, duka likaleta kopo. Vikikutana viwili hivyo, mapishi ya zamani hayana nguvu ya kupigana.

TV yenyewe ilifika Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, lakini msidanganywe na tarehe. Nani alikuwa nayo kijijini? Tanzania bara hawakuwa na kituo cha TV mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, na bado pilau ilikuwa imeshaingia bara kwa miguu ya wafanyabiashara zamani sana. Huku kwetu TV ilianza kuzoeleka pale vituo vya binafsi vilipofunguliwa. KTN Nairobi mwaka 1990, kisha Citizen, na WBS Kampala mwaka 1999. Busia tuna bahati ya mpakani, antena ikielekezwa mashariki unaona Kenya, ukiigeuza unaona Kampala. Kwanza ilikuwa TV ya baa, halafu kibanda cha video kinachotumia jenereta, halafu sola nyumbani.

Na vipindi vya mapishi vilikuwaje? Mlishaviona. Jiko lina vigae. Friji kubwa kama kabati la nguo. Kila kiungo kimeshakatwa tayari na kimewekwa kwenye bakuli la kioo, na hujui nani alimenya vitunguu. Mpishi anasema weka krimu, weka jibini, punguza moto, acha dakika arobaini. Anazungusha kitufe tu na moto unapungua. Jaribu kuyazungusha mafiga uone.

Kwa hiyo watu waliangalia sana na kupika kidogo. Lakini kusema hivyo vipindi havikufanya chochote ni uongo. Vilibadilisha karamu kwanza: harusi, kuhitimu, siku ya kuzaliwa ya mtoto, ambayo zamani huku hatukuwa tunaihesabu. Keki yenye maandishi juu, saladi iliyopangwa rangi rangi, wali uliogeuzwa kwa bakuli ukasimama kama kichuguu. Siku ya kawaida ikabaki na ugali wake. Na vilibadilisha aibu. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mgeni wa mjini akifika, ugali wa wimbi unafichwa na mtu anatumwa mbio kununua mchele. Wimbi haikukosa kitu chochote. Ilikosa tu kuonekana kwenye kioo. Siku hizi vichekesho vimegeuka: kwenye TV hizo hizo wanakuja wataalamu wa lishe wanasifu uji wa wimbi, na watu wa Kampala na Nairobi wanaununua kwa bei kubwa kwenye mifuko mizuri. Nyanya anacheka mpaka anakohoa.

Kuna kipindi kimoja lazima nikitaje kwa sababu kilijaribu njia nyingine. Mwaka 2012 kampuni ya Mediae ya Kenya ilianzisha Shamba Shape Up kwenye Citizen, kipindi kinachokwenda kwenye shamba la mkulima wa kweli na kulitengeneza pamoja naye. Mwaka 2017 wakatoa ndugu yake, Shamba Chef. Huyu akaenda jikoni. Kwenye nyumba za watu wa kawaida, akaangalia jiko, akaangalia moshi, akaleta jiko linalotumia kuni au makaa kidogo, halafu ndipo wakapika. Angalieni mpangilio huo: moto kwanza, chakula baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ni ajabu kwamba vipindi vya mapishi vimeishi miaka mingi namna hiyo bila kuutaja moshi hata mara moja.

Hapa tuvuke bahari, kwa sababu kuna nchi iliwahi kuwa nchi nzima ya mgao.

Uingereza ndiko mmoja wa wapishi wa kwanza kabisa wa TV alipotokea, Mfaransa mmoja aitwaye Marcel Boulestin, BBC, mwaka 1937. Watu wachache sana walikuwa na TV, na wale wachache walikuwa matajiri. Mwaka 1939 vita vikaanza, TV ikazimwa kabisa. Januari 1940 chakula kikaanza kugawiwa kwa kitabu: siagi, sukari, nyama ya kukaushwa, kila mtu kwa kipimo chake. Mgao huo haukuisha kabisa hadi Julai 1954. Miaka 14! Mtoto aliyezaliwa siku ulipoanza alikuwa kijana ulipoisha.

Mwaka 1940 BBC pamoja na Wizara ya Chakula wakaanzisha kipindi cha redio kilichoitwa The Kitchen Front, maana yake kama kusema uwanja wa vita wa jikoni. Kilikuwa cha dakika chache tu asubuhi, baada ya habari ya saa mbili, kabla mama hajaenda dukani na kitabu chake. Waliongea kuhusu kile kilichopo wiki hiyo. Karoti na viazi vimejaa, mayai hakuna, basi leo ni karoti na viazi. Walikuwa na pai ya mboga tupu iliyopewa jina la waziri mwenyewe, Lord Woolton, na watu hawakuipenda hata kidogo, waliitania miaka yote. Hilo nalo lina maana. Hata kipindi kinachojali mgao hakiwezi kumlazimisha mtu apende.

Na walifundisha kuhusu moto. Makaa ya mawe na gesi pia vilikuwa haba. Walikuwa na sanduku lililojazwa majani makavu: chemsha sufuria, ifunike vizuri, izike ndani ya majani, iache. Joto lile lile linaendelea kuivisha bila kuni. Wanakundi, hicho ni kile kile kikapu ambacho akina mama wengine wanakitumia Kenya na Uganda kwa maharage, kilichoshonwa ndani kwa matambara na sponji. Si teknolojia mpya. Ni teknolojia ya watu wa mgao, kila mahali walipo.

TV ya Uingereza iliporudi mwaka 1946, mpishi wao Philip Harben alipika mbele ya kamera kwa kutumia mgao wake mwenyewe. Fikiria hilo. Akiunguza nyama, yeye na familia hawana nyama wiki hiyo. Anayemtazama nyumbani anajua kwamba kile kipande ni sawasawa na chake.

Miaka mingi baadaye, 1998, mwanamke anayeitwa Delia Smith alianza mfululizo wake BBC kwa kufundisha jinsi ya kuchemsha yai. Yai tu. Wengine walimcheka, lakini mauzo ya mayai Uingereza yalipanda kwa kiasi cha asilimia 10, na mwaka 2001 jina lake likaingia kwenye kamusi ya Collins kumaanisha mapishi yake na mtindo wake wa upishi. Ilifanya kazi kwa sababu yai liko kila duka na bei yake kila mtu anaiweza. Angefundisha yai la mbuni, angebaki na vicheko.

Na kuna mmoja ambaye sisi hasa tunapaswa kumjua. Fu Pei-mei alizaliwa Dalian, kaskazini mwa China, mwaka 1931. Mwaka 1949, vita vya China vinaisha na wakomunisti wanashinda, watu zaidi ya milioni moja walikimbilia kisiwa cha Taiwan, naye akiwemo, msichana wa miaka 18. Hakujua kupika. Alipoolewa aliona aibu ya chakula chake, akatumia mali yake ya harusi kuwalipa wapishi wa mahoteli wamfundishe, kila mmoja mapishi ya mkoa wake. Mwaka 1962 kituo cha kwanza cha TV cha Taiwan kilianza kazi, na yeye akawa mpishi wake, akaendelea karibu miaka 40. Wale waliokimbia walitoka mikoa tofauti, lugha tofauti, mapishi tofauti, wote wamesongamana kisiwani na kurudi haiwezekani. Kwenye kipindi chake leo ni chakula cha Sichuan, kesho cha Kanton, kesho kutwa cha Beijing. Jirani akaanza kujua jirani yake anakula nini. Mtu wa Kiryandongo akisoma hapo haitaji nimuelezee zaidi.

Lakini nitaelezea kidogo, kwa sababu njia ya Kiryandongo inapita hapa kwetu.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 na mauaji yaliyofuata, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka Busia na Malaba. Nilikuwa mdogo, shule ya msingi, lakini nakumbuka mama akifunga unga wa muhogo na wimbi kwenye mfuko kuwapelekea. Walishukuru, halafu wakaukodolea macho. Wao ugali wao ni wa mahindi meupe. Mama anasema mwanamke mmoja alimuuliza kwa upole, dada, huu unapikwaje, na wakapika pamoja kwenye mafiga yale yale, maji yalizidi mara ya kwanza. Baadaye wakimbizi walipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo wa 2008 wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Baadhi wapo hadi leo. Wanalima sukuma wiki, wanapika githeri, na majirani zao kutoka Sudan Kusini wamejifunza kukata sukuma nyembamba vile Wakenya wanavyokata. Wao nao wamejifunza kula kisra, ile mikate myembamba ya mtama uliochachushwa, inayokaangwa kwenye bati bapa. Mtoto wa Kikongo anaita lenga-lenga kile ambacho mimi nakiita dodo na Mtanzania anakiita mchicha. Jani ni moja. Hayo yote yamefundishwa kwa macho na pua, ukuta kwa ukuta.

Sasa kimeingia kioo kidogo, simu. Si bure pia: mwaka 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 ikaibadilisha kuwa asilimia 12 juu ya bando. Video ya dakika kumi ni pesa ya chumvi. Na bado tunaangalia.

Sitaki kuwa mzee kabla ya wakati wangu na kulaumu tu. Kuna dada kwenye klasta yetu aliyejifunza keki kwa video. Hana oveni. Anaweka sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, na keki inatoka nzuri kuliko ya bekari ya mjini. Anauza kwa vipande. Lakini niulizeni alichofanya: video ilimpa hamu na vipimo, ule mchanga na makaa alijifunza kwa mwanamke mwingine aliyefanya kwa moto huo huo. Video peke yake isingemfikisha.

Na huku mgao unakatika. Julai 2023 WFP waligawa wakimbizi wa Uganda kwenye makundi matatu: walio na hali mbaya zaidi wapate asilimia 60 ya mgao, wa katikati asilimia 30, wa tatu wasipate. Mei 2025, kwa kukosa fedha, watu kama milioni moja waliondolewa kwenye msaada huo wa chakula. Hayo hamhitaji kusoma kwangu, mko ndani yake. Ninachosema ni kwamba hapo hapo ndipo mikutano inaanza kusema, tuwafundishe wakimbizi lishe kwa video. Nimekaa kwenye mkutano wa namna hiyo. Video ya mfano tuliyoonyeshwa ilikuwa na blenda, maziwa, mayai manne, siagi, na jiko la gesi. Akina mama waliangalia kwa heshima mpaka mwisho. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama hayo mayai yatagawiwa. Hakuna aliyecheka.

Nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, si ugomvi. Najua mmepewa video hiyo na watu wa juu. Lakini mnajua pia kwamba mapishi hayaongezi chakula. Mama ambaye hana maharage hatapata maharage kwa kuonyeshwa maharage. Mapishi yanaweza kuokoa kuni, yanaweza kumpa mtoto mchanganyiko bora kwa kile kidogo kilichopo, yanaweza kuondoa aibu kwenye dodo na mukene. Hiyo ni kazi kubwa na inatosha, ilimradi isitumike kufunika ile nyingine ya tumbo tupu. Waingereza wa 1940 walifundishwa karoti, ndiyo, lakini kitabu cha mgao kilikuwa mfukoni na kila mtu alijua atapata kipimo chake.

Kwa hiyo tumeanza zetu. Watu wanne, simu moja yenye kamera nzuri, bando tunachanga. Tumekubaliana masharti machache. Chochote kinachoonekana kwenye video kiwe kimenunuliwa kwenye soko letu wiki hiyo hiyo au kimetoka kwenye kishamba cha mpishi, na bei isemwe. Moto uonyeshwe, na idadi ya kuni ihesabiwe mbele ya kamera. Anayepika ale hicho hicho na watoto wake, wala isiletwe sahani nyingine kwa ajili ya picha. Lugha ni ya mpishi, sisi tutaweka maandishi ya Kiswahili chini. Dakika tatu, isizidi, kwa ajili ya bando.

Ya kwanza ni maharage ya kikapu: yamelowekwa usiku kucha, yamechemshwa kidogo asubuhi, yamezikwa kwenye kikapu cha matambara hadi saa nane mchana. Ya pili itakuwa kisra. Ya tatu naibeba kutoka huku, ugali wa wimbi na mukene wa simsim, na nyanya amekataa kata kata kupikia sufuria mpya niliyotaka kumwazimia, anasema ile nyeusi ndiyo inajua kazi. Mama wa maharage naye amekubali, ila hataki uso wake uonekane. Mikono tu. Anayeweza kushika simu bila kutetemeka kwa dakika tatu aniandikie kabla ya Jumamosi.